Nyumba Aliyoikataa Happy

Soweto, Mbeya
13 Januari 2025

Dada Evarista,

Kamwene. Bahasha hii nimemkabidhi kondakta mkononi, pamoja na mikataba ya mwezi uliopita. Mimi mzima, ila mvua za huku mwaka huu hazina adabu. Kaka Vitus alisema, tangu tulipogombana kwenye simu siku ya arobaini ya mama, mambo ya ofisi tuandikiane, maana kwenye karatasi hakuna anayemkatiza mwenzake. Basi naandika.

Nina ombi, nalo ni la Happy Jailos. Unajua tawi lako hili lina watu watatu tu: mimi ninayekaa mezani kwa mshahara, na madalali wawili, Happy na Brayson, ambao hawana mshahara. Wao wanakula kamisheni. Wakipata mpangaji wanakula, wasipopata wanaangalia wenzao. Sasa Happy mwezi mzima hajapangisha hata chumba kimoja. Anazunguka kutwa, anarudi na matope mpaka magotini. Juzi alikunywa chai yangu akamaliza birika, nikajifanya sijaona.

Ulimi wake mkali, hilo siwezi kukuficha. Mteja alimuuliza kama nyumba moja ya Ilomba ina maji. Akamjibu, "Bomba lipo. Maji ndiyo hayapo." Mteja akaondoka. Lakini ni mtu wa kazi, dada. Nakuomba umpe mshahara, hata mdogo, na kamisheni uipunguze. Mtu mwenye njaa haonyeshi nyumba, anaonyesha njaa yake.

Nasubiri jibu lako.

Mdogo wako,
Faustina


Kihesa, Iringa
18 Januari 2025

Mdogo wangu Faustina,

Bahasha imefika, imelowa kona moja. Ombi lako nimelisoma vizuri na jibu langu ni hapana.

Usidhani nina roho mbaya. Nilipoanza udalali hapa Kihesa sikuwa na ofisi, nilikuwa na mwavuli na simu ya tochi. Nyumba nisiyoipangisha sikuila, na ndiyo maana nilijua kila mlango wa mji huu. Baadaye nikaona niwe muungwana, nikamwajiri Filemoni kwa mshahara. Wewe ulimwona. Anafungua ofisi jua limeshapanda, baada ya chakula amelala juu ya meza. Wateja wanapiga simu, anawaambia njooni kesho. Siku nilipomwambia mshahara umekwisha, tunahamia kamisheni, aliamka kama aliyemwagiwa maji. Mwaka haukuisha akawa na pikipiki yake. Mshahara unamlipa mtu kwa kuwepo, mdogo wangu. Kamisheni inamlipa kwa kufanya.

Na huyo Happy, nani alimtuma kumwambia mteja maji hayapo? Mteja ana macho, ana mdomo. Aulize majirani.

Kuna jambo jingine, afadhali ulijue mapema. Tawi la Mbeya linakula kuliko linavyoleta. Lisipojisimamia mpaka Pasaka nitalifunga, na wewe utarudi nyumbani tukatafute la kufanya.

Dada yako,
Evarista


Soweto, Mbeya
3 Februari 2025

Dada Evarista,

Usiseme habari za kufunga. Unasema nirudi nyumbani, nyumbani wapi? Chumba cha mama umeshaweka mpangaji. Watoto wangu wamezoea shule ya huku. Mtu wa umri wangu anaanzia wapi?

Lakini nina habari njema. Ile nyumba kubwa ya Mzee Gerson, ya kule mlimani, iliyokaa wazi mwaka mzima, imepata mpangaji. Mzee alitangaza kamisheni mara mbili ya kawaida kwa dalali atakayemletea mtu, na Brayson akamleta. Mpangaji anaitwa Bujiku, Msukuma, ana mpunga na ng'ombe kule Usangu. Anataka watoto wake wasome mjini, kwa hiyo mke wake, Helena, atakaa hapa na watoto, yeye abaki shambani. Aliuza ng'ombe akalipa kodi ya mwaka mzima. Mtu mpole sana. Alipomaliza kulipa alinishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Basi mama, watoto wangu nawaacha kwako."

Mkataba nimesaini mwenyewe.

Happy ndiye aliyeonyeshwa nyumba ile kwanza, hakuitaka, anasema ana sababu zake. Sasa amenuna, haji ofisini. Labda ulisema kweli juu yake.

Mvua inanyesha mno. Hivi dada, wewe umejenga: ukuta wa tofali unaozuia udongo wa mlima nyuma ya nyumba, ukianza kutuna kidogo, unaweza kukaa miaka mingapi? Nauliza tu, kwa ajili ya nyumba nyingine.

Mdogo wako,
Faustina


Kihesa, Iringa
8 Februari 2025

Mdogo wangu Faustina,

Umeona sasa? Nyumba ilikaa wazi mwaka mzima, kamisheni ilipopanda ikapata mtu. Ningewapa mshahara, Brayson angekuwa amekaa hapo ofisini anaangalia mpira kwenye simu. Mpe hongera zangu. Ukileta nyingine kama hiyo, habari za Pasaka tutazizungumza upya.

Happy mwache anune. Mlango uko wazi, hajafungwa kamba.

Habari za ukuta muulize fundi, mimi si fundi. Ila kwa kawaida ukuta ni wa mwenye nyumba, siyo wa dalali. Usijibebeshe mizigo ya watu.

Dada yako,
Evarista


Soweto, Mbeya
24 Februari 2025

Dada Evarista,

Nina ombi, na naomba usikatae kabla ya kumaliza kusoma.

Naomba tuwahamishe watu wa Bujiku. Kuna nyumba Uyole, iko tambarare, iko wazi, kodi yake haizidi ile. Tumrudishie Mzee Gerson kamisheni yake, naye awarudishie kodi, mambo yaishe kwa amani. Mama Helena analalamika kwamba mlima unamchosha, na watoto wakitoka shule wanateleza.

Brayson nimeshamwambia kuhusu kurudisha. Akanijibu, "Mama, hela ile imeshaingia hospitali. Mke wangu kajifungua kwa kupasuliwa. Nikurudishie mtoto?"

Jana nilipita kuwasalimia. Mama Helena amepanda maboga nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, yameanza kutambaa. Alinikaribisha maziwa ya mgando, kasema yametoka Usangu kwa mume wake. Nilikaa pale sebuleni nimeshika kikombe. Chumba cha watoto kiko upande wa nyuma. Niliaga maziwa yakiwa bado kikombeni.

Siku hizi mvua ikianza naacha kula. Nikubalie, dada.

Mdogo wako,
Faustina


Kihesa, Iringa
1 Machi 2025

Faustina,

Mtu kuchoka mlima siyo sababu ya kuvunja mkataba. Aliuona mlima siku anahamia. Tukianza kurudisha kamisheni kila mpangaji akichoka, tufunge ofisi leo, tusingoje Pasaka.

Nimekusoma mara nyingi, barua hii na ile ya ukuta. Kuna jambo hunielezi? Kama lipo, liseme. Kama halipo, fanya kazi.

Evarista


Ilomba, Mbeya
10 Machi 2025

Mama Evarista,

Shikamoo. Hujawahi kuniona uso, mimi ni Happy Jailos, dalali wako wa Mbeya, kama bado ni wako. Anwani yako nimeitoa kwenye mkataba wa zamani. Namba yako nilinyimwa, kwa hiyo nakuandikia.

Nyumba ya Mzee Gerson nilionyeshwa mwezi wa kumi na mbili. Mimi nikionyeshwa nyumba nazunguka nyuma. Nikakuta ukuta unaozuia mlima umetuna kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa, na maji yanatoka katikati ya tofali. Jirani akaniambia wapangaji wa mwisho walihama kwa sababu hiyo hiyo. Nikamwuliza Mzee Gerson. Akanijibu, "Binti, kazi yako wewe ni mlango wa mbele." Nikamrudishia funguo zake.

Siku hiyo hiyo nilimwambia mama Faustina. Hakunibishia. Alikwenda mwenyewe, akauona, akashika kichwa, akasema nyumba hii hatupangishi mpaka ukuta ujengwe upya. Halafu ikaja barua yako ya kufunga tawi. Brayson akaleta mteja, mama Faustina akasaini. Nilimwona anasaini. Hakuniangalia.

Nilikasirika nikaondoka, na hapo ndipo na mimi nilipokosea, kwa sababu nilikaa nyumbani nauza maandazi nikijiambia hayanihusu. Jana ndiyo nimekwenda kwa mama Helena, nikamwambia wazi. Alinisikiliza akasema, "Mdogo wangu, ng'ombe wameshauzwa. Nikitoka hapa naenda wapi na watoto hawa?" Mume wake yuko mashambani, simu haipatikani. Nimemwomba angalau watoto wasilale chumba cha nyuma. Hilo amelikubali, magodoro tumeyahamishia sebuleni pamoja.

Mimi sina uwezo wa kuwatoa, mama. Wewe unao.

Na usidhani mama Faustina ni mtu mbaya. Yeye ana mshahara wa kupoteza. Mimi sikuwa na kitu, ndiyo maana ilikuwa rahisi kukataa.

Happy Jailos


Kihesa, Iringa
14 Machi 2025

Faustina,

Barua ya Happy imefika leo. Nimekupigia simu kutwa, inaita hupokei. Nimempigia Brayson, yuko Tukuyu kwa wakwe zake, anarudi asubuhi. Ujumbe nimekutumia, hujausoma. Bahasha hii inapanda basi la alfajiri, na ndani kuna hela ya gari la kuhamisha vitu na kodi ya kuanzia ya nyumba ya Uyole.

Watoe watu hao. Usimwulize Mzee Gerson, usimwulize Brayson, usiniulize mimi. Vyombo viache, watu watoke.

Yangu na yako tutayasema baadaye.

Evarista


Mbeya
18 Machi 2025

Dada Evarista,

Kwenye simu nililia tu, hukuelewa kitu. Sasa nakueleza vizuri.

Bahasha yako niliifungulia hospitalini. Ijumaa niliona jina lako linaita, nikaifunika simu kwa mto. Nilijua Happy ameshakwambia. Kama ningepokea, wangelala Uyole.

Ukuta ulianguka Jumamosi asubuhi. Mvua ilikuwa imeshakatika, jua limetoka, watu wanaanika nguo. Brayson alikuwa anashuka kituoni, akasikia watu wanasema kuna nyumba imefunikwa mlimani. Alinikuta ofisini hana hata kiatu kimoja. Tulipanda wote tunakimbia. Udongo ulikuwa umeingia kwa dirisha la nyuma ukatokea mlangoni, chumba cha watoto kimejaa mpaka darini.

Halafu nikawaona watoto. Walikuwa barabarani, wamesimama pamoja, midomo yao ina uji. Wote. Walikuwa sebuleni wanakunywa uji kuta zilipotingishika, wakakimbilia nje. Mama yao ndiye alikuwa ameingia chumba cha nyuma kuchukua sare za shule azifue.

Happy alikuwa ameshafika. Sijui nani alimwambia. Alikuwa ndani ya tope anachimba kwa sufuria na anamwita, "Mama Helena, nijibu! Nijibu hata kwa matusi!" Majirani walileta majembe. Brayson alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, analia kama mtoto. Tukaisikia sauti ya Mama Helena. Mhimili wa dari ulikuwa umemlalia mguuni, na huo huo ndio uliozuia udongo usimfunike kichwa.

Yuko hai, dada. Mguu wamemfanyia operesheni, wametia vyuma. Daktari anasema atatembea, lakini hatatembea kama zamani.

Bujiku alifika Jumapili kutoka Usangu, ana udongo wa shamba kwenye suruali. Nilimsubiri mlangoni mwa wodi, nimejiandaa anipige. Hakunigusa. Alikwenda kumwona mke wake, akarudi, akasimama mbele yangu. Happy na Brayson walikuwa wamekaa kwenye benchi nyuma yangu.

Akaniuliza polepole, "Huyu Brayson aliyenipangisha, mlimlipa?"

Nikasema, "Tulimlipa, baba."

"Na wewe uliyesaini?"

"Mimi nina mshahara."

"Na huyu binti aliyekuja kuwatoa wanangu chumbani. Yeye mlimlipa nini?"

Akasubiri. Kweli alisubiri, dada, kama mtu aliyeuliza bei sokoni. Mwisho akasema, "Haya," akarudi kukaa na mke wake.

Serikali ya mtaa wameniita, wamemwita na Mzee Gerson. Nimesema mbele ya watu wote kwamba ukuta niliuona kabla sijasaini. Funguo za ofisi nilimpa Happy, akazikataa, nimeziacha kwa mwenye duka la jirani. Watoto wa Bujiku wako kwangu. Wanalala na wanangu, na mvua ikipiga bati yule mdogo anaamka anaenda kukaa mlangoni.

Njoo.

Faustina


Kihesa, Iringa
2 Aprili 2025

Mwanangu Happy,

Nilipokuja Mbeya ulinipita kwenye korido ya hospitali bila kunisalimia. Sikulaumu. Nilitaka kukusemesha, sikujua nianze na neno gani, nikarudi Iringa nalo mdomoni.

Mzee Gerson amebanwa na serikali ya mtaa, kodi ya Bujiku ameirudisha yote. Matibabu nimebeba mimi. Mama Helena akitoka hospitali atahamia Uyole. Faustina ameomba mwenyewe asikae tena kwenye meza ile. Anabaki huko kulea watoto mpaka mama yao asimame, halafu ataniambia anataka nini.

Nimefikiri sana kuhusu mshahara na kamisheni. Maisha yangu yote nimesema kamisheni ndiyo inayomwamsha mtu. Ni kweli inamwamsha, nilikuwa sijauliza inamwamsha afanye nini. Lakini nikisema basi wote wapewe mshahara, namwona mdogo wangu. Yeye mshahara alikuwa nao, na ndiye aliyesaini. Brayson naye si mwizi, alikuwa na mke mezani kwa daktari. Hofu iliyousaini mkataba ule niliituma mimi, kwa basi, ndani ya bahasha.

Nakuomba urudi. Utakuwa na mshahara wa kila mwezi, na kamisheni kidogo juu yake. Brayson vivyo hivyo. Funguo za ofisi zishike wewe.

Mama yako,
Evarista Kalinga


Ilomba, Mbeya
9 Aprili 2025

Mama Evarista,

Shikamoo. Samahani kwa kukupita pale hospitali. Nilikuwa nimejaa maneno mabaya, nikaona nikifungua mdomo yatatoka yote mbele ya wagonjwa.

Mshahara nautaka, sitakudanganya. Maandazi hayalipi kodi ya chumba. Usinichukue kama malaika, nachelewa kuamka na wateja wengine nawajibu vibaya, hilo ulishaambiwa. Brayson amekuja kwangu mara mbili, anataka tufanye kazi pamoja. Siku hizi tukienda kuona nyumba anazunguka nyuma kabla yangu.

Lakini mama, mshahara peke yake siuamini. Siku nitakapokataa nyumba nzuri yenye hela nyingi, wewe utakuwa Kihesa na hesabu zako, mimi niko huku na ulimi wangu, na mwisho wa mwezi utafika. Kwa hiyo nataka iandikwe kwenye mkataba wa kazi: siku nikimwambia mteja asichukue nyumba, mshahara wangu usiguswe, na tawi lisitishiwe kufungwa kwa sababu hiyo. Ukiweza kuandika hivyo na kusaini, nakuja hata kesho. Usipoweza, nitaelewa, na hatutagombana.

Happy Jailos


Kihesa, Iringa
30 Mei 2025

Mwanangu Happy,

Jana nilipigiwa simu na mwenye zile nyumba za Iyunga. Alikuwa anafoka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Anasema ulimwambia mteja, mbele yake, kwamba choo kimechimbwa karibu na kisima na watoto wataugua. Mteja kaondoka. Yeye amechukua funguo za nyumba zake zote amempa dalali mwingine, na ameapa kwamba kwetu harudi.

Nilikasirika, Happy. Wacha nikwambie ukweli. Zile nyumba ndizo zilikuwa nusu ya mapato ya tawi. Nilizunguka uani nikiongea Kihehe peke yangu mpaka jirani akanichungulia kuuliza kama nimefiwa. Nilishika simu nikupigie, namba yako nikaitafuta, ikaanza kuita, nikakumbuka ule mkataba wako niliousaini, nikaikata. Nadhani uliiona. Kama ulikaa na wasiwasi jana nzima ukijiuliza nilitaka kusema nini, basi tulikuwa wawili.

Tawi litafika Krismasi au halitafika, sijui. Nikijidai kwamba sina hofu nitakuwa mwongo.

Mshahara wako nimeutuma leo asubuhi kabla sijanywa chai. Uko wote. Angalia simu yako.

Evarista Kalinga